Mhariri na Haki za Wanawake: Mfano wa Jarida la Sauti ya Siti na Funzo Lake kwa Kamina

1. Utangulizi

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa mwezi Februari 2006, ina kifungu ambacho hakitajwi mara kwa mara. Kifungu cha 142 kinaiagiza Serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba, katika muda wa siku 60 tangu sheria hiyo itangazwe.

Kwa mji wa Kamina agizo hilo lina uzito wa pekee. Kamina, ambao tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ni njia panda ya reli. Hapo hukutana njia inayotoka Lubumbashi, njia inayokwenda Kasai hadi Ilebo, na njia inayoelekea Kabalo na Ziwa Tanganyika. Lugha ya nyumbani ya wenyeji wengi ni Kiluba cha Katanga, ambacho si Chiluba cha Kasai kilichotajwa katika Katiba. Kiswahili ni lugha ya stesheni, ya soko na ya kambi. Kifaransa ni lugha ya mahakama na ya karatasi za ofisi. Maadamu Kiluba cha Katanga hakimo katika orodha ya lugha za taifa, Kiswahili ndicho mlango ambao kwa huo sheria yaweza kumfikia mwanamke wa Kamina asiyejua Kifaransa.

Tangu mwaka huo wa 2006 sheria kadhaa zinazomgusa mwanamke zimetungwa: sheria ya Julai 2006 juu ya makosa ya kijinsia, sheria ya Agosti 2015 juu ya usawa wa wanawake na wanaume, na sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya 1987. Zote ziliandikwa kwa Kifaransa. Swali linalojitokeza ni hili: ni nani anayeigeuza sheria iwe maneno ambayo mama muuza unga anaweza kuyatamka mbele ya karani, mbele ya wazee wa ukoo au mbele ya mumewe?

Makala haya yanaeleza kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya mhariri. Ili kulithibitisha jambo hilo, yanachunguza mfano mmoja wa Afrika Mashariki, yaani jarida la Sauti ya Siti la Tanzania. Kisha yanafuata njia ya neno moja lililotoka Tanzania likavuka ziwa hadi Kongo ya mashariki, na mwishowe yanarejea Kamina kuonyesha kazi iliyobaki. Hoja ya msingi ni kwamba haki haiwezi kudaiwa mpaka iwe na jina katika lugha ya anayeidai, na kwamba jina hilo halishuki lenyewe kutoka katika kitabu cha sheria.

2. Mhariri ni nani?

Katika mazungumzo ya kawaida mhariri hudhaniwa kuwa ni msahihishaji wa makosa ya herufi na sarufi. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Mhariri wa jarida ana mamlaka manne.

Kwanza, ndiye anayeamua lipi ni habari na lipi si habari. Mke akipigwa nyumbani kwake na jambo hilo lisiandikwe popote, hubaki kuwa siri ya nyumba ile. Likiandikwa pamoja na mengine kumi ya namna hiyo, huwa suala la jamii. Pili, mhariri huchagua maneno: jina litakalopewa tendo, na mtu atakayetajwa kuwa mtendaji. Tatu, hupanga mahali pa habari. Suala la mirathi ya wajane likiwekwa katika ukurasa wa mapishi hupokewa kwa namna moja, na likiwekwa katika ukurasa wa kwanza hupokewa kwa namna nyingine. Nne, mhariri huwajibika. Jina lake limo ndani ya jarida, na aliyedhulumiwa na maandishi yaliyochapishwa anajua aende kwa nani.

Mamlaka haya manne yanaweza kutumiwa kumnyamazisha mwanamke au kumpa sauti. Jambo hilo linaonekana wazi katika historia ya jarida lifuatalo.

3. Kuzaliwa kwa Sauti ya Siti

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kijulikanacho kwa kifupi kama TAMWA, kiliandikishwa mwaka 1987. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo Fatma Alloo, Edda Sanga wa Radio Tanzania, Leila Sheikh, Pili Mtambalike, Rose Haji na Ananilea Nkya. Mwaka uliofuata, yaani 1988, chama kilitoa jarida lake, Sauti ya Siti, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Ili kuelewa uzito wa tendo hilo inafaa kukumbuka hali ya uandishi wa habari nchini humo wakati ule. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja hadi 1992. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalikuwa ya chama tawala, na Daily News lilikuwa la Serikali. Redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Serikali. Chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976, gazeti halikuweza kutolewa bila ya kuandikishwa. Jumuiya kubwa ya wanawake, UWT, ilikuwa jumuiya ya chama. Kwa hiyo wanahabari wengi waliokianzisha chama hiki walikuwa wakifanya kazi katika vyombo ambavyo wahariri wao walikuwa wanaume, na ambavyo viliwaonyesha wanawake zaidi katika sherehe, ngoma na kurasa za urembo. Kuwa na jarida lao wenyewe kulimaanisha kushika kalamu ya mwisho, ile inayoamua kipi kitoke na kipi kisitoke.

Uchaguzi wa jina nao ulikuwa tamko. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia maskini, na aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote hata bara. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni ule wa Kijiti, unaosimulia mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa mjini Unguja, muuaji aliyetoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ambao ndio walioangukiwa na adhabu. Wimbo huo ulihifadhi katika kumbukumbu za watu jambo ambalo mahakama ya wakati ule ililigeuza juu chini. Kwa hiyo jarida lililojiita sauti ya Siti lilikuwa linadai urithi wa mwanamke ambaye, bila ya kuwa na gazeti, alilitangaza jambo la aibu hadharani na kuonyesha aibu ile ilikuwa ya nani.

4. Sarufi ya lawama

Kazi ya mhariri katika haki za wanawake huonekana zaidi katika matumizi ya lugha. Kiswahili, kama lugha nyingine, kina njia nyingi za kulitaja tendo bila ya kumtaja mtendaji. Husemwa kwamba msichana ameharibiwa, amechezewa, amevunjiwa heshima au ameshikwa kwa nguvu. Katika semi hizi zote kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji ametoweka. Aidha, tendo lenyewe limefunikwa: kitu kilichoharibika chaweza kuwa chungu au mashine, na mwenye kuchezewa chaweza kuwa kitoto.

Mfano mwingine ni habari za mimba za wanafunzi. Mwandishi akiandika kwamba msichana amepata mimba, msomaji humwona msichana peke yake, kana kwamba mimba ni homa iliyomjia. Akiandika kwamba amepewa mimba, mtu wa pili huanza kuonekana. Akiandika kwamba mwalimu amempa mimba mwanafunzi wake, mtendaji amepata kuwa kiima cha sentensi, na swali la nani awajibike limekwisha kuulizwa. Tofauti kati ya sentensi hizo tatu ni ya viambishi na maneno machache tu, lakini sentensi ya kwanza humfukuzisha msichana shule, na ya tatu humfikisha mwalimu mahakamani.

Hali kadhalika, magazeti ya Kiswahili yana desturi ya muda mrefu ya kueleza mauaji ya wake kwa maneno wivu wa mapenzi. Maneno hayo hutoa sababu kabla ya mahakama kuitafuta, tena hutoa sababu tamu, kwa kuwa neno mapenzi limo ndani yake. Mhariri akilifuta fungu hilo na kuandika kwamba mume amemuua mkewe, hajaongeza hasira wala siasa. Ameondoa utetezi ambao mshtakiwa alikuwa amepewa bure.

Vilevile ilikuwapo haja ya istilahi za dhana. Katika miaka ya 1990 neno jinsia lilikita mizizi likiwa na maana ya mahusiano kati ya wanawake na wanaume yanavyojengwa na jamii, na waandishi wengi wa Tanzania wakalitenga na jinsi, yaani hali ya kimaumbile ya kuwa mwanamke au mwanamume. Mfumo dume nao ukawa jina la utaratibu unaompa mwanamume mamlaka kwa sababu tu ya uanaume wake. Istilahi ya pili ina ukali ambao haupatikani katika neno la kigeni lenye maana hiyo, kwani dume kwa asili husemwa juu ya mnyama. Ukali huo uliwafurahisha wengine na kuwakera wengine, lakini neno likashika. Haidaiwi hapa kwamba jarida moja liliyatunga maneno hayo. Maneno ya namna hii hukuzwa na vyama, semina, redio na vyuo kwa pamoja. Mchango wa jarida ni kuyachapisha tena na tena kwa maana moja, hadi msomaji ayachukue kuwa yake.

5. Mwaka 1990: karatasi isiyokuwa na mhariri

Jambo lililokiweka chama na jarida lake katika mtihani mkubwa lilitokea chuoni. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na desturi ya wanafunzi iliyoitwa Punch, au Mzee Punch: karatasi zenye maandishi na michoro zilizobandikwa ukutani usiku na watu wasiojulikana. Wapo walioitetea kuwa ni utani na ukosoaji wa wanafunzi. Hata hivyo, walengwa wake wa kawaida walikuwa wanafunzi wa kike, ambao miili yao na mienendo yao ilichorwa na kusimangwa mbele ya chuo kizima. Aliyekwisha kubandikwa alitengwa, na tishio la kubandikwa lilitosha kumfanya mwingine akae kimya.

Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa chuo hicho alijiua baada ya kusumbuliwa na kutishwa kwa muda na wanafunzi wa kiume waliohusishwa na Punch. Kifo hicho kiliitikisa nchi. Wanahabari wanawake hawakuliacha suala hilo liishie katika habari ya kifo cha mtu mmoja. Walilieleza kuwa ni ukatili wenye utaratibu, uliovumiliwa kwa miaka mingi na watu wenye elimu. Uchunguzi ulifanywa, na Punch ikapigwa marufuku.

Katika tukio hili njia mbili za uchapishaji zilikabiliana. Punch nayo ilikuwa chapisho: ilikuwa na waandishi, wachoraji na wasomaji wengi kuliko majarida mengi. Lakini haikuwa na mhariri kwa maana iliyoelezwa hapo juu. Hakuna aliyetia jina lake chini ya karatasi ile. Hakuna aliyeuliza kama lililoandikwa lilikuwa kweli, wala aliyejibu pale msichana alipodhurika. Jarida la wanawake, kwa upande wake, lilikuwa na anwani na majina. Aliyechukizwa na maandishi yake aliweza kulishitaki, kulijibu au kulitembelea ofisini. Tofauti ya vyombo hivi viwili haikuwa ya uhuru wa kusema, kwani vyote vilisema. Ilikuwa tofauti ya kuwajibika kwa kilichosemwa. Fundisho hilo halijachakaa, kwa kuwa picha na matusi juu ya wanawake sasa husambazwa kwa simu kwa wepesi mkubwa kuliko karatasi ya ukutani, na mara nyingi pasipo jina la msambazaji.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1990 chama kilianzisha pia kituo cha ushauri kwa wanawake na watoto waliotendewa ukatili. Kwa njia hiyo kalamu na kituo vilitegemezana: mwanamke aliyesoma au kusikia habari alikuwa na mahali pa kwenda.

6. Kutoka ukurasa hadi sheria

Mbinu iliyowatambulisha wanahabari hawa ilikuwa kuchagua mada moja, kuifanyia utafiti mashambani na mijini, kisha kuitoa kwa wakati mmoja katika magazeti, redio na baadaye televisheni. Waziri au mbunge aliyeikwepa habari asubuhi gazetini aliikuta jioni redioni. Jarida la chama lilikuwa mahali ambapo mada hizo ziliweza kuelezwa kwa urefu, na makala zake kuhifadhiwa kwa marejeo. Fatma Alloo ameeleza pia, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1995, jinsi kompyuta ilivyowasaidia wanawake hao kushika wenyewe kazi ya kutayarisha na kueneza habari zao.

Matunda ya juhudi hizo, zilizofanywa pamoja na wanasheria na vyama vingine vya wanawake, yalionekana mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Sheria hiyo iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai, na ilitambua udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa lenye jina lake. Mwaka 1999 zilifuata sheria mbili za ardhi, ambazo zilitamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kuitumia ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Ni vema kutoupamba ushindi huo kupita kiasi. Sheria ya 1998 haikuugusa ubakaji ndani ya ndoa ila pale mume na mke walipokwisha kutengana. Ukeketaji haukukoma kwa kuandikwa sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, iliendelea kutumika, hata Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, kwamba vifungu vyake vya umri vinakwenda kinyume cha Katiba. Tena, njia yenyewe ilikuwa na hatari. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 chini ya uenyekiti wa Anna Tibaijuka, lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutwa katika daftari la vyama mwaka 1997. Wanawake waliojipanga kwa sauti kubwa waliweza kunyamazishwa kwa barua moja ya ofisi.

Kuna upungufu mwingine ulio ndani ya kazi yenyewe ya jarida. Jarida husomwa na ajuaye kusoma, mwenye fedha ya kulinunua na anayeishi mahali linapofika. Mwanamke wa kijijini, ambaye mara nyingi ndiye anayehitaji habari hizo zaidi, hufikiwa na redio kabla ya karatasi. Ndiyo maana mfano unaofuata ni wa redio, ingawa kazi inayoelezwa ni ile ile ya mhariri.

7. Neno lililovuka ziwa

Vita vya Kongo ya mashariki vilivyoanza mwaka 1996 viliambatana na ubakaji wa kutisha wa wanawake, hasa katika Kivu. Mjini Bukavu mtangazaji Chouchou Namegabe, aliyeanzia Radio Maendeleo, alikuwa miongoni mwa waliotaka kuzitangaza habari hizo. Ameeleza katika mahojiano kwamba kikwazo cha kwanza kilikuwa cha lugha. Mambo ya kujamiiana yalikuwa mwiko redioni, na halikuwapo neno ambalo lingeweza kutamkwa bila ya kuficha tendo au kumtukana msikilizaji. Suluhisho lilikuwa kuazima neno lililokuwa likitumika Tanzania: ubakaji.

Mwaka 2003 yeye na wenzake walianzisha chama cha wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu ya Kusini, AFEM. Wanawake walisimulia kwa sauti zao wenyewe yaliyowapata, na vikundi vya wasikilizaji vikaundwa. Mwaka 2009 Namegabe alitoa ushahidi mbele ya Baraza la Seneti la Marekani. Kabla ya hapo, mwezi Julai 2006, Kongo ilikuwa imepitisha sheria iliyopanua maana ya ubakaji na kuweka kifungo cha miaka 5 hadi 20.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili tukio hili lina mafunzo mawili. Kwanza, linaonyesha faida ya kuwa na lugha inayovuka mipaka ya nchi. Neno lililozoeshwa na vyombo vya habari vya Dar es Salaam lilipatikana tayari kwa mtangazaji wa Bukavu alipolihitaji, ilhali sheria za nchi hizo mbili zimetoka katika mapokeo tofauti, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kibelgiji. Pili, linaonyesha kwamba kuazima neno ni uamuzi wa kihariri. Mtu alikaa, akapima neno hili na lile, akachagua lile ambalo mwathirika angeweza kulitumia bila ya kujiaibisha. Ubakaji ni nomino itokanayo na kitenzi, na kitenzi hicho kinamdai mtendaji: palipo na kubaka pana mbakaji.

8. Kamina: kati ya ruhusa na makubaliano

Kazi hiyo ya kupima maneno bado inahitajika katika Haut-Lomami. Mfano mmoja unatosha kuieleza. Kanuni ya Familia ya 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga: kutia saini mkataba, kwa mfano, au kujipatia mkopo. Sheria ya 2016 iliondoa sharti hilo. Mahali pake iliweka kwamba mume na mke wakubaliane juu ya matendo ya kisheria wanayojifunga nayo, kila mmoja peke yake au wote pamoja. Kifungu kinachomtaja mume kuwa mkuu wa nyumba hakikuondolewa.

Tuseme mhariri wa jarida dogo au wa kipindi cha redio cha Kamina anataka kuwaeleza wanawake wa soko badiliko hilo. Ana maneno mengi mbele yake. Ruhusa ni neno linalojulikana na kila mtu, lakini ni neno la mdogo kwa mkubwa: mtoto huomba ruhusa kwa mzazi, na mfanyakazi kwa mkuu wake. Kibali kinanukia ofisi na muhuri. Idhini ni sahihi katika vitabu, ila si rahisi kuisikia katika Kiswahili cha Katanga. Akiieleza sheria mpya kwa kusema kwamba sasa bwana na bibi wanapeana ruhusa, atakuwa ameirudisha sheria ya zamani kwa mlango wa nyuma, kwa sababu msikilizaji atasikia lile neno analolizoea na kudhani kwamba hakuna kilichobadilika. Akisema kwamba bwana na bibi wanapaswa kusikilizana, atakuwa ametumia neno la watu wawili walio sawa, nalo ni neno linaloeleweka Kamina bila ya ufafanuzi. Tafsiri ya kwanza haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la haki.

Hapa lazuka suala la Kiswahili kipi kitumike. Kiswahili sanifu kina faida ya istilahi na vitabu. Kiswahili cha Katanga kina faida ya kuaminiwa na msikilizaji: ndani yake bibi ni mke, na mama ni jina la heshima kwa kila mwanamke mtu mzima. Makala ya sheria inayosema bibi kwa maana ya nyanya itamchanganya msomaji wa Kamina. Kwamba lugha hii ya wenyeji yaweza kubeba mambo mazito kwa maandishi kulithibitishwa zamani na historia ya mji wa Elisabethville, iliyokusanywa na watumishi wa nyumbani wa zamani na kuandikwa kwa Kiswahili cha Katanga mwaka 1965 kwa jina la André Yav. Mhariri mwenye busara hatalazimika kuchagua upande mmoja. Ataazima istilahi pale ambapo neno la wenyeji linaficha tendo, kama ilivyofanyika kwa ubakaji, na atashika neno la wenyeji pale ambapo istilahi ya vitabuni inamweka msikilizaji mbali, kama ilivyo kwa kusikilizana.

Kwa hiyo maandalizi ya mhariri wa namna hiyo yanahusu idara zaidi ya moja ya chuo kikuu. Mwanafunzi wa sheria anajua kifungu kinasema nini, lakini mara nyingi anakijua kwa Kifaransa peke yake. Mwanafunzi wa lugha anajua uzito wa maneno, lakini hajakisoma kifungu. Mama wa sokoni anajua ni neno lipi litamfanya karani acheke na lipi litamfanya anyanyue kichwa. Mhariri ndiye anayewakutanisha watatu hao kabla ya maandishi kwenda mtamboni au hewani, na kabla ya kutoa maneno ya mwisho humsomea mtu wa tatu kwanza.

9. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mhariri wa jarida huendeleza haki za wanawake kwa mamlaka yake ya kuchagua habari, kuchagua maneno, kupanga mahali na kuwajibika. Mfano wa Sauti ya Siti umeonyesha mamlaka hayo yakitumiwa na wanawake wenyewe tangu 1988, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa na sauti chache za hadhara. Umeonyesha pia mipaka yake: jarida haliwafikii wote, sheria iliyopatikana haikukamilika, na vyama viliweza kufutwa. Mfano wa Bukavu umeonyesha neno moja likihama na kufanya kazi ya pili mahali pengine.

Kuhusu Kamina, msingi wa kisheria upo tayari. Katiba yenyewe imeagiza kwamba sheria ifike kwa Kiswahili, na muda ulioagizwa ni siku 60. Tangu Kanuni ya Familia irekebishwe mwaka 2016 siku hizo zimepita mara nyingi mno. Mwanamke anayeambiwa ofisini alete kwanza barua ya mumewe anaweza kulikataa sharti hilo siku atakapolijua neno la kulikatalia, tena alijue katika lugha ambayo yeye na karani wote wanaisikia. Kumpatia neno hilo ni kazi ya watu wa Kiswahili, si ya wanasheria peke yao.